Khiri Isiyoonjwa

Hansa, mwanangu, bibi mkubwa wa nyumba hii,

Usishtuke kuona barua. Nnajua kwamba nnalala chumba cha pili na mdomo nnao, tena wa kutosha. Lakini leo asubuhi nimeutumia vibaya, na wewe umetoka ukaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka. Sasa umekwenda sokoni Matrah kununua ubani wa kuwapelekea walimu wako wa Uholanzi (maskini, watadhani nyumba inaungua), na mimi nimebaki peke yangu na saa mbili za kunyamaza. Kunyamaza sijui. Basi naandika, na barua ntaiweka juu ya mto wako uisome leo leo, kabla Pushpaben hajaja kumchukua Lalji, na kabla hujaamua hilo ulilotishia kuamua.

Naandika Kiswahili kwa sababu sina kingine. Kigujarati, niliikimbia skuli kabla hakijanikaa mkononi. Kiarabu changu ni cha dukani. Kiingereza unasema wewe, mimi natingisha kichwa. Kiswahili ndicho tulichotoka nacho Unguja, ndicho nilichogombana nacho na mama yako miaka yote, na ndicho ulichonitolea macho nacho asubuhi uliposema, "Baba, jana umeonja."

Kwanza nikuondoe wasiwasi: humu hamna maagizo. Sikwambii uvae koti, sikwambii uchunge pasipoti. Una miaka ishirini na saba, unayageuza maji ya bahari yakanyweka, utashindwa na soksi? Nnataka kukupa habari za makosa yangu tu. Hayo nnayo mengi na yote nnayajua kwa moyo. Lingekuwa somo la skuli, ningeshika namba moja.

Nilikuwa na miaka minane, Unguja. Guru alikuja kutoka India, na bibi yako akatukamata sisi watoto, akatufungisha siku nzima, asubuhi akatuogesha, akatuvika dhoti zilizofuliwa siku hiyo, akatupanga mstari. Kila mmoja akapewa jani la mtulasi mkononi, tukaambiwa turudie maneno. Ya Kisanskriti. Sikuelewa hata moja, nilikuwa nasikiliza tumbo. Tulipotoka nikamuuliza mama, "Nimesema nini mle ndani?"

Akanambia, "Umesema wewe si wako tena, ni wa Krishna. Mwili wako, roho yako, nyumba yako, mke wako, watoto wako, vyote ulivyo navyo na utakavyokuja kuwa navyo. Umempa. Umekwisha."

Nikafikiri. Mke sina. Nyumba ya baba. Watoto, mtoto ndiye mimi. Nikaona nimemweza Mungu, nimempa hewa tupu. Kitu pekee nilichokuwa nacho duniani siku ile ni ubuyu, nimeukunja kwenye karatasi, nimeuficha kwenye kipindo cha dhoti. Huo sikumpa. Nilikwenda kuula nyuma ya choo, kabla hata prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu, haijagawiwa.

Nnacheka nnapoandika. Lakini nimekaa hapa nikihesabu makosa yangu, nimeona yote ni lile lile moja. Miaka sitini na kitu nimekuwa nampa Mungu vile ambavyo havimo mkononi mwangu, na kile kilichomo mkononi nakula nyuma ya choo.

Nikakua, nikahamia huku kwa Waomani, nikawa mpika mithai. Sijisifu, ila nisipojisifu mimi atanisifu nani? Katika kile kichochoro nyuma ya wauza vitambaa, watu walikuwa wakisema ladu za Mulji hazina siku mbaya. Siri yake si siri. Nilikuwa naonja. Shira ikichemka naonja, ikipoa naonja, jilebi ya kwanza naila, ya pili naila kuhakikisha ya kwanza haikudanganya. Kidole hiki cha shahada kilikuwa kikijua njia ya kutoka sufuriani kwenda mdomoni hata macho yamefumbwa. Na mtu mwenye kidole kama hicho, wazee wakamwoza Kasturi, mama yako.

Lalji huhitaji kuelezwa, umemuogesha mara nyingi kuliko ulivyojiogesha mwenyewe. Lakini mimi nilipooa nilikuwa namjua kwa mbali, kama unavyomjua jirani. Nyumbani kwetu alikuwa ni Krishna mtoto, wa shaba, urefu wa kidole gumba, anatambaa, na mkono mmoja kashika donge la siagi. Bibi yako alitoka naye Unguja kampakata mapajani ndani ya kikapu, na mhudumu wa ndege alipotaka kukitia juu na mizigo mingine, bibi yako akamwambia, "Mwanao wewe unamtia juu?" Basi. Mama yako alipoingia nyumbani, akakabidhiwa yeye. Siku ya pili tu nikajua nimeoa watu wawili.

Asubuhi aamshwe, lakini taratibu, kwa makofi mepesi, asishtuke. Aogeshwe maji ya vuguvugu. Avalishwe kwa majira: mwezi wa sita malmali nyepesi, mwezi wa kwanza kikoti cha pamba. Ale. Acheze. Ale tena. Alale mchana, na atakayepiga kelele ole wake. Mwaka tuliotia kiyoyozi cha kwanza, kimoja tu, nilidhani kitawekwa chumbani kwetu. Ulikuwa hujazaliwa, lakini wewe mwenyewe umekikuta kilikowekwa. Mimi nikalala kwenye jasho, mtoto wa shaba akalala kwenye baridi, na mama yako akanambia kwa utulivu kabisa, "Nyumba ni yake, Mulji. Sisi tumekaribishwa."

Na chakula chake hakionjwi. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mwezi wa kwanza wa ndoa, siku ya sikukuu, nilijitia kumsaidia. Nikapika khiri, ule wali wa maziwa, maziwa nimeyachemsha mpaka yamefanya rangi ya krimu, iliki nimeitwanga mwenyewe, zaafarani nimeiloweka. Nikachovya kidole. Kasturi alikuwa amenipa mgongo, lakini alikuwa na macho kisogoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeangalia sukari."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole, na kwa mdomo. Ulitaka niangalie kwa sikio?"

Akazima jiko. "Mgeni akija kwako, unampa embe uliloling'ata?"

"Embe najua tamu, Kasturi! Hii nimeipika, sijui imekuwaje! Ntampaje Mungu kitu sikijui kimekuwaje?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto kauliza swali zuri kwa bahati mbaya. Akasema, "Basi ajue yeye mwanzo. Halafu ndiyo ujue wewe."

Akabeba sufuria nzima, ya moto, akapiga mlango wa Bi Salma, akampa. Bi Salma wakati ule ndiyo kwanza kahamia hapo mkabala, Mwomani wa Unguja mwenzetu, ana watoto watano na mdomo wa watoto sita. Wakala mpaka wakakwangua. Jioni akatoka barazani, akaniita kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, "Mulji! Wallahi umetutendea! Kesho nako usiache kuonja!"

Tangu hapo dhambi zangu zikawa chakula cha jirani. Watoto wa Bi Salma walinenepa kwa ajili yangu. Yule mkubwa, sasa ana cheo wizarani na kitambi chake, kile kitambi nusu yake mimi. Kila nilipoteleza, sufuria inavuka kichochoro. Kasturi hakugombana, hakununa. Anaosha chombo, anaoga tena, anaanza upya. Hicho ndicho kilichokuwa kikinitia hasira, mwanangu. Ningemwona analia ningejua la kufanya.

Lakini nikikwambia niliacha, ntakuwa mwongo. Niliacha kuonekana, hilo ndilo nililoacha. Nilijifunza kuonja akiwa kwenye maombi. Nilijifunza kunusa kwa karibu sana mpaka pua ikaingia ndani ya mchuzi. Mama yako akimfungia Lalji pazia ale, na sisi tukisubiri nje, yeye uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mimi nilikuwa nimeshayaona majibu. Nikawa nakaa pale kama mtu aliyekwenda harusini baada ya kula kwao.

Ilikuwa ikitokea chumvi ikazidi, maana yeye alikuwa akipika kwa kubahatisha. Ikishatoka mbele ya Lalji ni prasad, huitii ila. Unakula. Unakumbuka ile kadhi ya mwaka ule, ule mchuzi wa maziwa ya mgando, iliyokuwa na chumvi ya kuhifadhia papa? Ulikuwa na miaka sita, ukasema, "Mama, Lalji kaipenda?" Akajibu, "Kaimaliza yake, malizeni yenu." Tukamaliza. Nilikunywa maji usiku mzima. Na bado uso wake ulikuwa unang'aa, na mimi nilikuwa namwonea kijicho, haki ya Mungu. Nilikuwa naujua utamu wa kila kitu, na yeye alikuwa na furaha nisiyoijua inauzwa wapi.

Sasa nikifikiri, nadhani ni kwamba hakuwa amebeba. Mimi kila sufuria nilikuwa nimeibeba mgongoni: itakuwa nzuri, itakuwa mbaya, watasema nini. Yeye alipika kwa nguvu zake zote, akaweka, akarudi nyuma hatua moja, ikawa si yake. Mimi sijui kama Lalji anakula, Hansa. Nakwambia kweli, sijawahi kujua. Mama yako alikuwa anajua. Wewe nadhani unajua siku za sikukuu, na siku nyingine unafanya kwa sababu umeshaanza. Lakini hata mimi, mjinga wa nyumba hii, niliona kwamba yule mwanamke kila siku, mara sita kwa siku, alikuwa anaacha kitu mkononi mwake kiende. Mimi sikuacha hata ubuyu.

Hiyo ndiyo sehemu ya kucheka. Inayofuata si ya kucheka sana, lakini ni fupi.

Mama yako alipofariki, nilivuta pazia la Lalji nikalifunga. Siku tatu. Sikumuamsha, sikumpa maji. Nilimwambia moyoni, nilikwambia mke wangu ni wako, lakini nilikuwa natania, wewe hujui utani? Siku ya nne asubuhi nikasikia makofi mepesi chumbani kwake. Nikainuka. Ulikuwa wewe, miaka kumi na sita, nywele mbichi, umevaa sare ya skuli, unamuosha uso kwa kitambaa huku unamwomba radhi kwa niaba yangu. Nikasimama mlangoni. Nilitakiwa nipige magoti pale pale nikusaidie. Nikarudi kulala.

Nikajipa sababu nzuri: mimi ulimi wangu mchafu, mimi mwonjaji, mtoto huyu msafi, bora afanye yeye. Maneno ya unyenyekevu kabisa. Ningeweza kuyahubiri. Lakini unyenyekevu ule ulikuwa na godoro na mto.

Miaka kumi na moja, Hansa. Umeamka kabla ya jua, umepika, umekwenda kazini, umerudi mbio kabla ya kulala kwake. Ukabandika karatasi kwenye makopo, ukaniwekea ratiba ukutani kama mfungwa, na mimi nikawa nakutania, "Bibi mkubwa, mahabusu anaomba chai." Wewe unacheka. Na mara ile ya kwanza, miaka minne nyuma, ulipopata nafasi hiyo hiyo ya kwenda kusoma, uliniambia huendi kwa sababu ya baridi. Nilijua si baridi. Mtu anayeingia kwenye lile jitangi la kazini kwenu kukagua mabomba hawezi kuogopa baridi. Nilijua ni Lalji, na nilijua ni mimi. Ningesema neno moja tu ungekwenda. Nikanyamaza, nikala khiri.

Hilo ndilo kosa langu kubwa. Khiri ya watu nimeonja sana, lakini nafasi yako ndiyo niliyoiba.

Sasa jana. Ulikwenda Yiti na wenzako wa kazini kuagana, na kabla ya kutoka ulinitazama kwa muda, ukasema, "Baba, leo nakuachia wewe. Siku moja. Nione." Nikajua ni mtihani. Nikaoga kama bwana harusi. Nikamuamsha, nikamuogesha, nikamvika ile njano, nikamfunga kilemba upande, akawa kama mhuni, nikakifunga tena. Nikaingia jikoni, nikapika khiri. Miaka mingi sijapika kitu nikakipenda vile. Nilikuwa naimba.

Na mkono ukaenda wenyewe. Sikukusudia. Nilikoroga, nikainua upawa, nikaulamba, nikasema "mmm," ndiyo nikajisikia.

Nikasimama na ule upawa. Nyumba haina mtu. Khiri, nakwambia, ilikuwa ya kutengenezewa sanamu. Na Lalji amekaa chumba cha pili, kidogo kama kidole gumba, ana njaa kama ana njaa. Mulji wa kila siku angeitia kwenye bakuli la fedha akavuta pazia, na hakuna ambaye angejua. Hansa, sijui kilichonipata. Labda uzee. Nilizima jiko, nikabeba sufuria, nikavuka kichochoro.

Bi Salma akafungua mlango. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini pua inaona. "Yarabi," akasema. "Miaka yote hii. Umeonja?"

"Nimeonja."

"Mwenyewe umeileta? Hakuna aliyekukamata?"

"Hakuna."

Akaipokea, akaiweka chini, akakaa nayo kizingitini. Hakutania. Akasema tu, "Kasturi angefurahi," akafunga mlango. Nadhani alikwenda kulia, au alikwenda kula kabla wajukuu hawajarudi. Kwa Bi Salma huwezi kujua.

Nikaoga tena. Nikafunga leso mdomoni, nikaikaza kwa nyuma, nikapika upya na maziwa yaliyobaki. Chakula cha Lalji kikachelewa saa nzima na zaidi, nikawa namuomba radhi kupitia leso. Na safari hii, nilipovuta pazia nikakaa nje, sikujua. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa pale sijui kilichomo ndani ya bakuli. Nikasema, ajue yeye mwanzo. Na nilipokwisha kusema hivyo, mwanangu, kitu kikateremka mabegani, sijui nikielezeeje, kama vile umebeba gunia kutwa umelizoea, halafu mtu anakutua.

Ukarudi jioni, ukala. Haikuwa na sukari hata chembe. Nilisahau kabisa kutia. Ukala bakuli zima, ukafuta mdomo, ukasema, "Khiri ya leo ina utulivu." Nikakupenda mpaka nikataka kukuzaba kofi.

Halafu leo asubuhi Bi Salma, Mungu amuweke, akaja kurudisha sufuria na kukushukuru.

Unayajua mwenyewe yaliyofuata. "Baba, jana umeonja." Nikasema ndiyo, lakini sikiliza. Hukusikiliza, na sikulaumu. Miaka yote nilipodanganya nilikuwa na uso ule ule. Ukampigia Pushpaben, ukamwambia aje jioni amchukue Lalji akamtunze kwake Ruwi. Nikakuuliza, "Kwa hiyo mimi hapa ni nani?" Ukasema, "Baba, wewe huwezi." Nikasema lile neno baya nililolisema, kwamba mama yako asingemtoa Mungu nyumbani kama mtu anayetoa paka. Halafu ukasema taratibu, na hilo ndilo lililonitisha, "Basi siendi. Nabaki. Hivyo ndivyo unavyotaka?" Ukabamiza mlango, kalenda ikaanguka.

Nimeiokota. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu, kwa sababu kuinuka kwangu siku hizi ni shughuli, na nikiwa chini nikajiuliza kweli: ndivyo nnavyotaka? Jibu likaja haraka, bila haya. Ndiyo. Ndivyo. Nnataka ubaki, Lalji abaki, ratiba ibaki ukutani, chai ije. Nilimwambia Krishna watoto wangu ni wake, nikiwa na miaka minane na sina mtoto. Nimempata mtoto nikaanza kuonja: atakuwaje, atakuwa wapi, atarudi lini. Sijakuweka mbele yake hata siku moja nikarudi nyuma.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Usipige kelele. Nimempigia Pushpaben.

Unamjua, mtoto wa Unguja kama sisi, matusi yake nayaelewa yote. Nikamwambia, "Pushpaben, jioni uje umchukue Lalji kama Hansa alivyokwambia."

"Ntakuja. Umepiga simu kunipa ruhusa?"

"Nimepiga kuomba. Kila asubuhi nnataka nije na mimi."

"Kuja wapi?"

"Jikoni kwako. Nikande unga, nikate mboga, nioshe vyombo. Vya Lalji."

Nikasikia runinga yake ikizimwa. "Mulji, una homa?"

"Sina."

"Wewe ndiye uliyesema kwenye harusi ya mpwa wangu, mbele ya watu, kwamba ladu zangu zinafaa kutupiwa mbwa?"

"Nilisema zingemvunja mbwa meno."

"Haya. Na kidole chako?"

"Ntakifunga."

"Ulimi?"

"Nao ntaufunga."

"Mdomo wote utafungwa kitambaa, ntakufunga mwenyewe. Utaoga kwako na utaoga tena kwangu. Utakaa nnapokwambia ukae. Ukitia neno juu ya iliki yangu, nje. Ukisema 'sisi wapika mithai,' nje. Na mwezi wa mwanzo hukaribii jiko. Unga tu."

"Nimekubali."

"Umesema nini?"

"Nimekubali, Pushpaben."

"Sema tena, nampa simu binti yangu asikie."

Nikasema tena. Walicheka wote wawili mpaka wakakata simu. Ulikuwa na haki, Hansa: peke yangu siwezi. Peke yangu na jiko na nyumba tupu, siku ya tatu ntarudi kuwa Mulji. Sitaki nyumba tupu yenye Lalji ndani na mlinzi mwizi. Nnataka nianze pale ambapo ningeanza nikiwa na miaka minane, chini kabisa, na mwalimu mkali. Basi la kwenda Ruwi linapita barabarani hapo, magoti yanapanda ngazi, sina udhuru. Na mwaka wako wa pili ukikaribia kwisha, kama Pushpaben atasema nimefaa, Lalji atarudi nyumbani akusubiri. Kama atasema sijafaa, utamkuta kwake na mimi naendelea kukanda. Hilo nimeliacha. Sijui litakuwaje, na leo kwa mara ya pili katika wiki moja kutokujua hakuniumi.

Wewe kwa hiyo huna la kuamua. Nimekuondolea. Mizigo yako imefungwa, ndege yako kesho alfajiri, na Lalji ana nyumba na ana mtumishi wa kuchekesha. Ukibaki utabaki kunilinda mimi, na mimi kesho sipo, niko kazini.

Jambo moja tu, nalo si agizo. Huko utakuwa na jiko la kuchangia na Wazungu, wanakaanga wanachokaanga, na utataka kuacha kabisa kumwekea Mungu chakula kwa sababu huwezi kufanya kama mama yako alivyofanya. Usifanye kama yeye. Hukuweza kupika, weka tunda. Huna tunda, maji. Ukisahau siku tatu, mimi nilisahau miaka kumi na moja na hakuna aliyenifukuza. Lakini kile utakachoweka, tunda au kazi au mvulana wa Kiholanzi (usinitazame hivyo), weka kweli, halafu rudi nyuma hatua moja.

Naogopa kidogo, sitakuficha. Naogopa uwanja wa ndege, ule mlango wa kioo. Ntasimama pale mpaka usionekane, halafu ntakuwa nimekuweka.

Akutangulie yeye aliyekutangulia kukujua. Mimi ntasubiri habari, kama wengine wote. Sasa niache, Pushpaben amenitumia ujumbe wa sauti: kesho nifike saa kumi na mbili kamili, na ninyoe masharubu.

Baba yako,
Mulji